Madawati ya Mteremko

Fundi wa shule ile walimwita Fundi Ndoto, na wala hakuna aliyempa jina hilo kwa ubaya. Mtu gani huinua nyundo kupiga msumari, akasimama katikati, mkono juu, akabaki anatazama dirishani mpaka chai yake inapoa? Ukimshtua anakwambia, "Nilikuwa nawaza tu," kisha anashusha nyundo kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini kazi ya mikono yake, hapo funga mdomo. Madawati yote arobaini na mawili ya madarasa ya chini aliyatengeneza yeye, kwa mbao ngumu nyekundu ambazo siku hizi huzipati hata ukilia, kila dawati limeungana na benchi lake, watoto watatu watatu. Mkewe ndiye aliyeyapiga msasa na vanishi, moja baada ya jingine, mpaka shule nzima ikamwita Mama Msasa. Mama Msasa alikuwa amefariki miaka mitatu sasa, na madawati bado yalikuwa laini ukiyapitishia kiganja.

Basi siku moja Mwalimu Mkuu akamwita ofisini. Mama huyu mwenyewe aliwahi kukaa kwenye madawati hayo akiwa na pengo la meno mawili ya mbele, kwa hiyo hata sasa, na cheo chake chote, alimwita mzee huyu Babu.

"Babu, kaa kwanza. Jengo linakarabatiwa. Paa linashuka, sakafu inang'olewa. Tunahama kwa muda, mihula miwili tu. Madarasa ya juu yanakwenda shule ya jirani. Haya matatu ya chini nimeyatafutia ule ukumbi wa zamani wa sinema."

Fundi Ndoto akatoa macho. "Sinema ile ile?"

"Ile ile. Ila kuna jambo. Mkaguzi anataka tuanze upya na viti vya plastiki. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Amekubali hivi: Jumatatu ya kufungua jengo jipya atakuja mwenyewe, atalitikisa dawati moja moja. Yakisimama imara, yanabaki. Yakiyumba, yote yanapelekwa kwa mwoka mikate yakawe kuni."

Kuni! Fundi Ndoto aliinuka kwenye kiti. Yaani miaka yote ile mkewe amekaa chini uani, khanga kiunoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, anapiga msasa huku anaimba nusu ya wimbo kwa sababu nusu nyingine hakuijua, halafu mtu mmoja aje aseme kuni?

"Hayatayumba, Mwalimu," akasema. "Nakuapia."

Walihama siku ya Jumatano. Madawati yalitangulia kwa lori, na kila moja Fundi Ndoto alikuwa ameliandika namba yake chini ya ubao kwa penseli nene. Hiyo ilikuwa desturi aliyoipata kwa fundi aliyemfundisha kazi: mbao haikatwi wala haihamishwi kabla ya kuandikwa ilikotoka. Watoto wakafuata kwa miguu, mistari miwili, mmoja amebeba kengele, mwingine ramani ya dunia imeviringishwa begani, wawili wanagombania tufe. Mshonaji mmoja akasimamisha cherehani yake. Wanawake wa saluni wakatoka mlangoni na vitana vichwani. "Jamani, shule inapita!" wakasema, na kweli shule ilikuwa inapita, taratibu, katikati ya barabara, na kila kitu chake.

Ukumbi ulikuwa umekaa kimya miaka mingi. Viti viling'olewa zamani, watu wakaweka magunia, magunia nayo yakaondoka. Kilichobaki ni sakafu ndefu inayoshuka polepole kuelekea mbele, kitambaa kikubwa cheupe ukutani, na paa la bati lenye matundu madogo madogo. Kupitia matundu hayo jua lilimwaga vidoa vya mwanga sakafuni, mamia kwa mamia, na wingu likipita juu vidoa vyote huzimika, kisha hurudi kimoja kimoja. Watoto walipoingia walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Mtu akikohoa, sauti ilikwenda mpaka mwisho, ikakaa kidogo huko, ndipo ikarudi.

Fundi Ndoto alishuka mpaka kwenye nguzo ya kushoto, akahesabu hatua, akasimama. Safu ya saba ilikuwa hapa. Hapa ndipo alipokuwa akikaa ujanani na msichana mmoja aliyekuwa anacheka kabla ya sehemu ya kuchekesha kufika, kwa kuwa alikwisha kuitazama picha ile ile mara tatu. Watu wakimwambia nyamaza, anainamia mbele na kucheka zaidi. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa Mama Msasa. Mzee akashika nguzo, na vidoa vya mwanga vikampanda mabegani, akabaki hapo mpaka dereva wa lori akapiga honi.

Siku ya kwanza ya masomo ilikuwa vituko vitupu. Sakafu inashuka, na madawati yote yanainamia mbele. Penseli zilianza safari kule juu kwenye darasa la tatu, zikapita darasa la pili, zikafika kwa darasa la kwanza chini ya kitambaa cheupe, na mwalimu wa darasa la kwanza akajaza kopo zima kabla ya mapumziko. Watoto nao waliteleza kwenye mabenchi mpaka vifua vikagusa meza. Fundi Ndoto akachonga kabari, akazisukuma chini ya miguu ya mbele. Hazikumaliza saa mbili, watoto wameshazipiga mateke na madawati yameanguka tena kama ng'ombe anayepiga magoti.

"Mwalimu, nikate miguu ya nyuma?" akauliza.

"Kata, Babu, kata! Hizi penseli zitatuua."

Akakata. Tena alikata kwa raha zake, wiki nzima, kila alasiri watoto wakishaondoka. Kila dawati alilipima pale pale linaposimama, kwa sababu kule juu mteremko ulikuwa mkali na huku chini ulikuwa mpole: hapa vidole viwili, kule vidole vinne. Akimaliza kukata, anaweka bilauri ya maji juu ya meza, anachuchumaa, anafumba jicho moja. Maji yakilala sawa, anaandika namba ya dawati kwenye kila kipande kilichokatwa, kama alivyozoea, kisha anakwenda kwenye lingine. Walimu walikuwa wakipita na mabegi yao wanamsifu. Mwalimu Mkuu mwenyewe aliigusa ile bilauri, maji yakatingishika na kutulia, akasema, "Safi kabisa."

Vipande vilikuwa themanini na vinne, viwili kwa kila dawati, vyekundu, vinanukia. Watoto walivitaka. Asubuhi moja walimzunguka wakaomba mpaka akagawa vyote, hiki kwa huyu, hiki kwa yule. Viwili tu hakugawa, vile vya dawati namba thelathini na moja, dawati lililosimama karibu na nguzo ya kushoto. Msichana mdogo aliyekaa kwenye dawati hilo alivijia kabisa, mikono mbele.

"Babu Fundi, naomba vya dawati letu."

"Hivyo vimepotea, mjukuu wangu," akasema Fundi Ndoto, na huku vinamchoma mfukoni. Msimcheke. Mtu mzima naye hudanganya, na anadanganya vibaya kuliko mtoto.

Nyumbani aliviweka kabatini. Kulikuwa na picha ya mkewe pale, fremu yake imevunjika mguu wa nyuma, kwa miezi mingi inaegemea kopo la sukari. Sasa akaweka kipande kimoja nyuma na kimoja mbele, picha ikasimama vizuri. Binti yake, ambaye alikuwa anaishi naye, alikuja akatazama, mikono kiunoni.

"Baba, si uitundike tu ukutani? Nimekuomba mara ngapi?"

"Ukutani wanatundikwa waliokufa."

"Na mama yuko wapi, Baba?"

Alijitia anatafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa.

Mihula ile miwili ilipita kama usingizi wa mchana. Darasa la kwanza walihesabu kwa sauti, na ukumbi ukawa unahesabu nyuma yao, umechelewa kidogo, kwa hiyo walipofika kumi ukumbi ulikuwa bado na tisa, wakacheka, na kicheko nacho kikarudi. Baada ya chakula watoto walilaza vichwa juu ya meza, na vidoa vya mwanga vikatembea juu ya migongo yao. Wakati huo Fundi Ndoto alikuwa anakaa kwenye ukingo wa dawati namba thelathini na moja, nyundo mapajani, macho kwenye kitambaa cheupe ambacho hakikuwa na kitu. Hakuwa na huzuni. Niseme ukweli, alikuwa na furaha, furaha ambayo hakuijua tangu mkewe aage dunia. Wakati mwingine alicheka peke yake, mapema kidogo, kabla ya kitu chochote cha kuchekesha kutokea.

"Baba," binti yake alimwambia jioni moja, "unakwenda kazini au umehamia?"

"Kwa muda tu," akajibu. Lakini neno hilo lilikuwa mdomoni tu. Moyoni hakuwa nalo.

Ijumaa ya kurudi ikafika. Jengo lilikuwa linang'aa, rangi mpya, dari jipya jeupe, na sakafu imenyooka kama maji ndani ya beseni. Lori likashusha madawati asubuhi. Fundi Ndoto akalisukuma la kwanza mahali pake, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama.

Dawati lilikuwa limelala chali.

Akaleta la pili, nalo chali. La tatu, la kumi, la ishirini, yote yameegemea nyuma kama wazee waliokunywa chai nyingi. Akakaa kwenye benchi la dawati lililokuwa karibu, na miguu yake ikanyanyuka yenyewe kutoka sakafuni.

Mwalimu Mkuu aliingia na funguo mkononi, anatabasamu, anazungumza habari za mapazia. Akaketi karibu naye. Wote wawili wakawa wanatazama juu.

"Babu," akasema baada ya kitambo, "mbona naona dari?"

"Nilikata miguu, Mwalimu."

"Najua ulikata miguu."

"Niliikatia mteremko. Hapa hakuna mteremko."

Mwalimu Mkuu akaziweka funguo mapajani, zikateleza zikaanguka nyuma. "Babu, ina maana ulisahau kuwa tutarudi?"

"Nilisahau," akasema Fundi Ndoto, na sauti ikamkatika. "Wallahi nilisahau. Nilikaa mle nikaona ndio nimefika. Mama Msasa alikuwa anakaa mle, Mwalimu. Safu ya saba. Nimeyaua madawati yake kwa mikono yangu mwenyewe."

Mwalimu Mkuu akaanza kucheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Na mimi je? Nilisimama pale nikagusa bilauri nikasema safi kabisa. Walimu sita walipita. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tutarudije. Mkaguzi anakuja Jumatatu saa tatu, Babu. Tukate na ya mbele?"

"Miguu ya safu za juu imekatwa vidole vinne. Tukikata na mbele, watoto watakaa magoti masikioni. Na mbao hii haipo tena sokoni, mbao laini haitawabeba." Halafu akainuka, kwa shida, maana kuinuka kwenye dawati lile kulikuwa kama kutoka kwenye shimo. "Lakini vipande vipo. Nimeviandika namba vyote. Watoto wanavyo."

Basi habari ikatoka, na wewe unajua habari ikiwa ya watoto inavyokimbia. Ijumaa hiyo hiyo jioni walianza kuja. Jumamosi kutwa wakaja. Vipande vilikuwa vimekwisha kupata maisha yao: vingine ni magari yenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, kimoja ni kitanda cha mwanasesere na godoro lake, kimoja kinazuia mlango wa bibi, kimoja kimetafunwa na mbwa pembeni. Mtoto mmoja alilia kuachana na lori lake, akaahidiwa kuwa atalikalia kila siku, akafuta kamasi, akalitoa. Mwalimu Mkuu, mikono ya blauzi imekunjwa, alisoma namba na kukiweka kila kipande chini ya dawati lake. Fundi Ndoto akatoboa kwa keekee, akatia kijiti cha mbao, akatia gundi, akakaza kwa kamba. Lile tafuno la mbwa alilijaza unga wa mbao na gundi. Mara hii hakutazama dirishani hata mara moja.

Jumamosi mchana binti yake alileta chakula. Akaweka bakuli chini, akatazama mishono ya miguu ilivyokuwa na gundi iliyofurika, na bila kuambiwa akaokota karatasi ya msasa. Akakaa chini, akafunga khanga kiunoni, akaanza kusugua. Baba yake alisikia sauti ile, chwaa, chwaa, akageuka haraka mno, halafu akarudi kwenye kazi yake.

Jumapili saa tisa alasiri madawati arobaini na moja yalikuwa yamesimama wima. Moja lilikuwa linatazama dari.

"Namba thelathini na moja," akasema Mwalimu Mkuu, anapekua daftari lake. "Nani ana thelathini na moja?"

Watoto wakatazamana. Yule msichana mdogo akajisogeza mbele, akasimama karibu na dawati lake, akaliegemea. "Vya kwetu vilipotea. Babu Fundi aliniambia." Kisha akamtazama mzee, bila kulaumu, kama mtu anayeuliza saa. "Kwa hiyo ndio sisi tutachukuliwa kuni, Babu?"

Fundi Ndoto akaweka keekee chini. Angeweza kusema ndiyo vimepotea, na Mwalimu Mkuu angeficha dawati moja stoo, na mkaguzi asingejua. Alilifikiria hilo, nisimfiche. Alifikiria nguzo ya kushoto na mwanga, na kile kicheko cha mapema. Halafu akaona kiganja cha mtoto kilivyokuwa juu ya meza, kinapita pale pale alipopita mkewe na msasa, kinakwenda na kurudi bila kujijua.

"Havikupotea," akasema. "Nilikudanganya, mjukuu wangu. Nisamehe. Ngoja nivilete."

Nyumbani hakukuwa na mtu. Alisimama mbele ya kabati. Mkewe alikuwa anamtazama kutoka kwenye fremu, midomo imekaribia kucheka, maana mpiga picha alikuwa bado hajasema kitu. "Unaona mambo yako?" akamwambia. "Nimekaa sinema mpaka taa zikawashwa." Akaondoa kipande cha mbele, akaondoa na cha nyuma. Picha haikuwa na cha kuegemea, akailaza chali juu ya kitambaa, taratibu, akaweka kiganja juu ya kioo. Kisha akatoka na vipande viwili mfukoni, anakwenda mbio kadiri magoti yalivyomruhusu.

Jumatatu mkaguzi alifika saa tatu kamili, na ndani ya gari lake kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki cha bluu, mfano. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitikisa dawati la kwanza kwa mikono miwili, akatikisa la pili, akaenda hivyo chumba kwa chumba, na watoto wamekaa wima wamebana pumzi. Kwenye namba thelathini na moja alimwomba yule msichana asogee kidogo, akaketi mwenyewe, mwili wake wote, benchi likalia kidogo na kunyamaza. Akainama akatazama miguu ya nyuma, akauona ule mstari mwembamba wa kiungo. Akautazama kwa muda mrefu kuliko Mwalimu Mkuu alivyopenda.

"Hiki nini?"

"Tulikuwa tumehama kwa muda," akasema Fundi Ndoto. "Sasa tumerudi."

Mkaguzi akapitisha kiganja juu ya meza, akapitisha tena. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akatia saini, akarudi kwenye gari, akaondoka na kiti chake cha bluu bila kukishusha.

Mchana ule Fundi Ndoto alirudi nyumbani mapema. Binti yake alikuwa ameiona ile picha imelazwa kabatini, hakuigusa, alikuwa amekaa karibu nayo anamngojea, uso umejaa maswali.

"Niletee msumari," baba yake akasema.

Akaleta. Mzee akachagua ukuta unaopata mwanga wa mchana, akaweka msumari, akainua nyundo. Binti alingoja isimame hewani kama siku zote. Haikusimama. Akapiga mara tatu, akatundika fremu, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Imekaa sawa?"

Binti akaitazama, mkono mdomoni, machozi yanamshuka. "Imeinamia mbele kidogo, Baba."

"Iache," akasema Fundi Ndoto. "Hivyo ndivyo alivyokuwa anakaa." Naye akavuta kiti, akaketi karibu na binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike wakaanza kumzungumzia.